Darasa langu lilipigia kura kazi yangu, mimi nikangojea nje

Wakuu, salamu kwenu nyote, hata nyinyi mnaosoma kimya kimya bila kuchangia. Ninayowaletea ni kweli tupu. Kwa umri wangu uongo unachosha.

Miaka ya themanini nilikuwa karani wa kamati kwa county council moja huko Kitui.

Kazi yangu ilikuwa kukaa kando ya mwenyekiti na kumnong'oneza utaratibu: nani aongee, nani anyamaze, nani atoke nje kwa sababu jambo linamhusu. Madiwani wangebishana asubuhi nzima juu ya choo cha soko la Ikutha. Wakimaliza, choo hakuna, lakini utaratibu umefuatwa.

Niliupenda huo utaratibu jamani. Wengine hupenda mpira.

Basi chuo kidogo cha kanisa, upande wa Kalamba, kikatafuta mwalimu wa public administration. Nikaomba, nikapata, nikaacha council. Kiti changu kikapewa mpwa wa diwani kabla hakijapoa.

Chuoni nikaambiwa niko probation, yaani kwa majaribio. Principal atanikagua darasani, akiridhika niwe confirmed, mwalimu wa kudumu.

Mke wangu, Mama Mwende, alikuwa ameshahamisha mbuzi wake wote kutoka kwetu Matinyani. Akaniambia, "Baba Mwende, mimi na hawa mbuzi haturudi. Ukifukuzwa, utarudi peke yako."

Shida ni kwamba sikujua kufundisha. Nilijua kitu kimoja tu, kuendesha mkutano.

So nikafungua somo la kwanza kwa maombi. La pili nikaanza kwa kusoma muhtasari wa la kwanza. Mwanafunzi mmoja akapendekeza upitishwe, mwingine akaunga mkono.

Wakanogewa. Wengi walikuwa watu wazima, makarani na manaibu chifu. Kiongozi wao alikuwa Musyoka, naibu chifu kutoka Ikutha, mtu wa sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto.

Haikuchukua muda homework ikakataliwa kwa kura. Kufuta ubao kukahitaji mjadala. (Na msicheke, hakuna darasa lililojua kazi ya council kuliko hilo.)

Siku ya ukaguzi ikafika. Principal alikuwa mzee wa kanisa, mkali, wa kutabasamu Krismasi tu. Akaingia, akaanza kuongea.

Musyoka akasimama. "Point of order, Bwana Chair! Huyu mzee si member. Akae kwa gallery!"

Gallery ilikuwa benchi la nyuma. Na huyu ndiye mwenye kazi yangu mkononi. Lakini Musyoka alikuwa sawa, nami nikamwonyesha principal benchi.

Akaenda akaketi! Mpaka leo sijui kwa nini.

Kisha Musyoka akaleta hoja kwamba mwalimu awe confirmed leo leo. Ikaungwa mkono. Nikaanza kufurahi.

Hapo Kavinya, karani wa chifu, mama mpole sana, akainua mkono. "Pole mwalimu, lakini hii maneno inakuhusu wewe. Si ulitufundisha mtu kama huyo anatoka nje?"

Aiya! Wakuu, nilitoka. Ningefanya nini? Nikasimama juani nikiwaza wale mbuzi, na kusema kweli niliogopa.

Kupitia dirisha nikasikia wakisema kiti cha mwenyekiti hakiwezi kukaa wazi. Wakamchagua principal awe mwenyekiti wa muda. Wakapiga kura, zikalingana. Nusu walinikataa kwa kuwa niliwahi kujaribu kuwapa homework.

"Bwana Chair," Musyoka akanguruma, "sasa kura ya kuamua ni yako."

Kisha nikamsikia principal, mtu aliyekuja kunikagua, akikohoa kidogo. "Chair inaonelea hii maneno iende kwa sub-committee. Kwa sasa mwalimu aendelee."

Makofi yakapigwa.

Sub-committee haikuwahi kuketi. Mara haina quorum, watu hawatoshi, mara convener wa kuiitisha amehamishwa. Kila principal mpya akiuliza, anaambiwa jambo liko kwa kamati. Nilifundisha hapo mpaka nywele zikaisha, bado niko probation.

Siku ya kuniaga nikistaafu, darasa lile la kwanza likiwa limealikwa na keki ikiwa mezani, Musyoka, sasa mzee wa mkongojo, akasimama. Akasema kuna hoja ya zamani haijafungwa.

Kavinya akanitazama tu. Nikachukua kofia yangu nikatoka nje.

Nilisimama palepale pa zamani. Wakapiga kura, na safari hii hakuna aliyepinga. Sauti ya Mama Mwende ndiyo ilikuwa juu kabisa, na yeye hata si member. Machozi yalinitoka, sifichi. Nilikuwa mwalimu kamili, mchana mmoja mzima.

Funzo langu ni hili: wafundishe watu sheria ukijua siku moja watakutoa nazo nje.

Anayeunga mkono aseme, anayepinga aseme. Mimi natoka kidogo, jambo hili linanihusu.