Siku Niliyoingia Uwanjani Kusukuma Gari la Mbio

Nikiikumbuka siku hiyo uso unaniwaka mpaka leo, lakini sina haja ya kuficha, maana Waswahili wote wa Arlington hapa Texas washaisikia na kila mmoja ameitia chumvi yake, basi afadhali mnisikie mimi mwenyewe niliyelala kifudifudi kwenye tope mbele ya umati mzima, nimevaa shati jeupe la kwendea ukweni.

Chanzo ni Mzee Shabani, mjomba wake Rehema. Rehema ni mchumba wangu, na huyo mjomba ndiye aliyemleta huku kutoka Mombasa akamlea, kwa hivyo bila neno lake hakuna ndoa, na neno lenyewe nililingoja mpaka Ramadhani ikaja ikapita. Kila nikienda kwake napewa chai, naulizwa hali ya wazazi, kisha tunaongea habari za joto la Texas mpaka naaga. Halafu siku moja, ghafla, akaniuliza, "Kijana, mbio za magari wazijua?"

Ningesema sizijui, si ningefundishwa tu? Lakini mimi na mdomo wangu! Nikajibu, "Mjomba, mimi mtu wa Naivasha, mbio nimezaliwa nazo!"

(Ukweli ni huu: nyumbani magari ya mbio yalipita karibu na kwetu, na sisi tulikimbilia pale penye tope zaidi kwa sababu lazima moja lingekwama, na likikwama kijiji kizima tunalisukuma, dereva anatupungia mkono, tunajisifu mwaka mzima. Ujuzi wangu unaishia hapo.)

Mzee alifurahi kweli. Jumamosi akanipitia kwangu Grand Prairie, tukaenda mpaka ng'ambo ya Fort Worth kwenye uwanja mmoja mkongwe wa udongo, wa duara refu kama yai, na njia nzima ananisomesha historia yake: kwamba palikuwa shamba la pamba, kwamba mwenye shamba alilichonga hivyo kwa trekta ili wanawe waache kushindana barabarani, kwamba jukwaa la mbao liliungua na madereva wenyewe wakalijenga upya, na kwamba vilipokuja viwanja vikubwa vya lami watu walihama lakini huu haukufa. "Nilipofika nchi hii sikuwa na mtu," akaniambia. "Hapa ndipo mahali pa kwanza waliponijua kwa jina." Nami naitikia tu, "Naam, naam," kama mtaalamu.

Kwa heshima yake tukaruhusiwa kusimama upande wa mafundi, karibu kabisa na geti la kuingilia njiani. Wee! Magari yenyewe ni vidude vya ajabu, magurudumu yote yako nje hayakufunikwa na kitu, mgongoni yamebeba bati kubwa kama paa la kibanda, na yanazunguka kushoto, kushoto, kushoto, udongo unaturukia mpaka menoni. Nikaanza hata kupiga kelele. Mzee akanitazama akatabasamu, nikajua leo neno litatoka.

Mara gari moja likateleza kwenye kona, likazunguka, likazima papo hapo mbele yetu. Bendera ya manjano ikapepea, mengine yakapunguza mwendo. Geti likafunguliwa. Dereva amekaa tu, hashuki, wala hawashi. Jamani, mtu wa Naivasha angefanya nini? Nikapiga kelele, "Twendeni tulisukume!" nikachomoka mbio, na nilipofika katikati nikageuka kuona wenzangu wako wapi. Nilikuwa peke yangu.

Sasa nirudi? Nikaona aibu kurudi. Nikainama, nikaweka mabega, nikasukuma kwa nguvu zote, dereva ananipungia mikono (nami nikadhani ananishukuru), na nyuma yangu honi inalia. Kumbe magari yale hayana stata kabisa! Yana pikapu maalumu ya kuyasukuma mpaka yawake, na geti lilifunguliwa kwa ajili ya hiyo pikapu, ambayo sasa ilikuwa imesimama visiginoni pangu inaningoja mimi nitoke. Niliporuka kando nikateleza, nikalala chali, nikajigeuza, nikalala kifudifudi. Mtangazaji akasema kwa kipaza sauti, "Naona tumepata fundi mpya," na jukwaa zima likacheka.

Walinzi wawili wakanibeba makwapani mpaka kwa mzee. Mmoja, anayemfahamu siku zote, akamuuliza kwa upole, "Shabani, huyu mtu ni wako?"

Mzee akanigeukia. Alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele, tope tupu. Akitamka tu kwamba hanijui, yeye anabaki na mbio zake na heshima yake, mimi naenda na polisi, na Rehema ndiyo basi tena.

"Ni wangu," akasema. "Huyu ni mkwe wangu."

Tukatolewa wote wawili, fainali hatukuiona. Garini alinitandikia gazeti nikalie, akaendesha macho barabarani, mimi nimejikunja nasubiri matusi, mpaka tulipokaribia Arlington ndipo akafungua kinywa.

"Hebu niambie. Lilisogea?"

"Kidogo, mjomba."

Alicheka mpaka ikabidi aegeshe kando ya barabara. Mimi nikalia, sijui kwa aibu ama kwa furaha.

Tumeoana sasa na kila msimu mzee ananichukua twende. Naenda, lakini nimeapa: gari lizime, lipinduke, lishike moto, mimi makalio yangu hayaachani na kiti. Walinzi nao wanajua, maana siku hizi kabla mbio hazijaanza mmoja huja kunisalimia, kisha anakaa kando yangu.