Muulize Kwanza Kama Yeye ni Mwalimu

Habari ya kifo chake ilinikuta Kasulu mjini, dukani kwa muuza vyombo, nikibishana naye juu ya sufuria ambalo mfuniko wake haukai. Simu ikalia. "Kaka, dada wa kompyuta ametutoka alfajiri," akasema jamaa wa Kibondo, "na anazikwa leo leo, baada ya adhuhuri." Nikaliacha sufuria mezani nikatoka bila kuaga. Kwa barabara yetu na mvua hizi, nilifika Kibondo watu wameshatawanyika, makoleo yameoshwa, na waliobaki wanazungumzia bei ya maharage. Nilisimama pale kaburini na matope ya safari viatuni. Nimechoka, wasomaji wangu. Safu hii niliianza nikitaka tuchekeane juu ya vituko vya mji, sasa kila nikikaa kuandika kuna mtu wa kumzika. Laiti ningepewa msimu mmoja tu wa kuandika juu ya migomba.

Marehemu alikuwa mtu wa pwani, mtumishi wa serikali aliyeletwa huku milimani kusimamia kompyuta za ofisi, akaja na baibui lake na baridi ikamfundisha kuvaa sweta juu yake. Wengi waliozoea bahari huomba uhamisho kabla hata ya kufungua masanduku. Yeye alilalamika kila siku na hakuondoka. Alilalamikia baridi, vumbi jekundu, chai yetu isiyo na iliki, na sisi wenyewe tunaoamkiana kwa kupiga makofi na kuulizana habari za watu, ng'ombe na mashamba hadi mtu anasahau alichokuja kusema. "Nyie Waha," alikuwa akiniambia, "mtu nyumba yake inaungua, ataanza na salamu, Mwakeye." Nami humjibu kwamba huko kwao mtu huanza na maneno mengi na nyumba haijajengwa bado. Tulitaniana hivyo kwa miaka, na sasa sina wa kumtania.

Kazi aliyoipenda haikuwa ile aliyoajiriwa nayo. Alipenda vile vitu vinavyochomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB ili binadamu apate kuiambia jambo: kibodi, kipanya, usukani wa mchezo, kitufe cha kubonyeza kwa kiwiko. Aliandika programu za kuongea navyo. Siku moja nilimkuta ofisini kwake amezungukwa na kompyuta tatu, kila moja na mfumo wake wa uendeshaji, akichomeka kifaa hicho hicho huku na huku na kusonya. "Keti, kaka, ushuhudie," akasema. "Kifaa hiki kina adabu. Ukikichomeka tu kinajitambulisha: mimi ni fulani, nina vitufe kadhaa, taarifa zangu zitakuja kwa mpangilio huu. Kinasema maneno yale yale kwa wote. Sasa tazama wanavyokipokea. Huyu anakikaribisha. Huyu anasema programu yako haina ruhusa ya kukigusa mpaka mkubwa wa mashine aandike idhini. Na huyu akidhani ni kibodi, anakishika yeye peke yake, wewe hata salamu hupati." Nikamwambia hiyo mbona ni habari ya mtumishi aliyehamishwa: mtu ni yule yule, barua ni ile ile, wilaya hii wanamchinjia kuku, wilaya ile anaambiwa subiri afisa hayupo. Akacheka mpaka akajipangusa machozi. "Basi kazi yangu," akasema, "ni kuandika programu moja itakayokubalika wilaya zote."

Mimi ndiye niliyempeleka Nyakitonto. Nilikuwa na mwenzangu kule, mwalimu mwanamke niliyefundisha naye zamani, mwenye sauti ya kunyamazisha darasa zima bila fimbo. Kiharusi kilimwangusha, kikamwachia akili yote na mguu mmoja wa kushoto, basi. Maneno hakuna, mikono hakuna. Mumewe, mzee mkulima mpole, alikuwa akimuuliza jambo na kumtazama machoni, akibahatisha. Marehemu aliposikia hayo hakuniuliza maswali mengi. Alitafuta kifaa chenye pedali mbili za kukanyaga, akakiandikia programu: ya kwanza ikikanyagwa kompyuta itamke "Ndiyo", ya pili itamke "Hapana". Sauti za kununua zilimkera, akasema zinatamka Kiswahili kama mtu mwenye jino bovu, kwa hiyo akarekodi maneno yote mawili kwa kinywa chake mwenyewe. Akaijaribu Kibondo kwenye mashine yake, ikaenda vizuri.

Nyakitonto tulikuta nyumba imejaa ndugu. Kompyuta ya pale aliinunua binti wa mwalimu, nayo ilikuwa ya mfumo mwingine. Marehemu akachomeka, akaweka programu, akamvua mwalimu soksi na kumwekea pedali chini ya unyayo. Akamweleza taratibu ipi ni ipi. Kabla marehemu hajainuka, mzee akapiga goti mbele ya mkewe. Shemeji zake wa Mabamba walikuwa wamekuja kumchukua mgonjwa wakamtunze wao, na mzee alikuwa amewakatalia wiki nzima bila kuwa na hakika mgonjwa mwenyewe anataka nini. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mke wangu, unataka kubaki hapa nyumbani na mimi?" Mguu ukasogea, ukakanyaga. Kompyuta ikasema, "Hapana."

Mguu ukakanyaga tena kwa nguvu, na tena. "Hapana. Hapana." Mwalimu alikuwa ametoa macho, shingo imemkakamaa. Mzee akainuka, akalalama kwa Kiha, "Yebaba we," akatoka nje. Niliona kupitia mlangoni amesimama kwenye migomba ametupa mgongo. Shemeji mmoja akaanza kukunja nguo za dada yake pale pale, maana jibu limeshatoka.

Marehemu alikuwa anatazama mguu, hakuwa akitazama kompyuta. "Weka hizo nguo chini," akamwambia shemeji. "Mwiteni mzee arudi. Muulizeni kwanza kama yeye ni mwalimu." Watu wakamwona ana wazimu: nani asiyejua? "Ndiyo maana," akajibu. "Muulizeni tunalolijua." Nikamuuliza mimi: "Wewe ni mwalimu?" Mguu ukakanyaga, kompyuta ikasema, "Hapana." Nikauliza, "Wewe ni mwanamume?" Mguu ukahamia pedali ya pili, ukakanyaga, kompyuta ikanyamaza kabisa. Marehemu akajipiga paji la uso kwa kiganja. "Astaghfirullah! Nimemsemesha uongo mgonjwa wa watu."

Kosa lilikuwa dogo la kuchekesha, kama lisingetaka kuvunja nyumba. Pedali zinapotuma taarifa, mfumo wa mashine yake ya Kibondo huipa programu taarifa tupu kama ilivyo: nafasi ya kwanza ni pedali ya kwanza. Mfumo wa ile kompyuta ya Nyakitonto hutanguliza sifuri, nafasi moja isiyobeba habari, ndipo taarifa ifuate. Programu ilihesabu sifuri kuwa pedali ya kwanza, kila kitu kikasogea hatua moja, "ndiyo" ikaangukia palipo na "hapana", na "hapana" ikaangukia nje. "Mfumo wa Waha huu," akaninong'oneza huku akirekebisha, "lazima usalimie kwanza." Alipomaliza akarudia maswali yale yale, mwalimu akajibu ndiyo ni mwalimu, hapana si mwanamume. Ndipo akamgeukia mzee: "Baba, sasa uliza lako." Mzee aliuliza akiwa amesimama, nadhani magoti yalishaogopa. "Ndiyo," ikasema kompyuta. Alilia mzee yule mbele ya shemeji zake na hakuona haya. Kisha, machozi yangali mashavuni, akalalamika kwamba mkewe toka amwoe hajawahi kuongea kipwani.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile. Asubuhi kompyuta ikiwashwa, mzee huanza na maswali mawili ya marehemu kabla ya kuuliza uji au dawa. Nimeifikiria sana desturi hiyo wiki hii. Tunaishi zama za kuwasemea watu. Kila mahali kuna mashine, mwakilishi, msemaji, na kamati inayotuletea majibu ya wasioweza kuja wenyewe, na sisi tunayapokea na kuanza kukunja nguo. Nani anauliza kwanza lile linalojulikana, ili ajue kama chombo kinasema kweli? Mwenye kinywa atakukosoa ukimnukuu vibaya. Asiye na kinywa atakanyaga tu, na kila akikanyaga utazidi kumsikia akikukubalia uongo wako. Hilo ndilo somo aliloniachia, nami nalichukua nikiwa nimechoka na nina hasira kidogo, kwa sababu mwenye kulifundisha vizuri zaidi yuko chini ya udongo wa Kibondo.

Juzi nilikwenda Nyakitonto kupeleka habari ya msiba. Ndugu walishasikia, ila hakuna aliyethubutu kumwambia mwalimu. Mzee akanivuta pembeni chini ya paa la jikoni. "Mwandishi, majirani wananisema. Wanasema sauti ya mtu aliyekufa haifai kuongea ndani ya nyumba ya wazima. Nitafute fundi aifute, aweke nyingine?" Nikamwambia kwamba fundi mwingine akiigusa programu ile, sina hakika kama itarudi kusema kweli. Akakuna kichwa. "Basi mwenye sauti aulizwe," akasema, tukaingia ndani.

Aliwasha kompyuta, akamvua mkewe soksi, akaketi. "Wewe ni mwalimu?" "Ndiyo." "Wewe ni mwanamume?" "Hapana." Nikamshika mwenzangu mkono usiohisi, nikamwambia kwamba dada wa kompyuta amefariki. Machozi yalimtoka upande mmoja wa uso, ule wenye uhai, na mzee akayafuta kwa pindo la khanga kabla ya kumweleza maneno ya majirani na habari ya fundi. "Niambie mwenyewe, mke wangu. Tuiondoe sauti hii?"

Mguu ulihama polepole kwenda pedali ya pili, ukatua.

"Hapana," akasema dada wa kompyuta, kwa kipwani chake kile kile, na mzee akachukua soksi akamvisha mkewe.