Jumatatu kwa Msusi

Wifi yangu ni msusi, mfupi wa kimo na mwenye mdomo usio na breki. Ukikaa kwenye kiti chake unaondoka na nywele mpya na umbea wa wiki nzima. Lakini baada ya kuondolewa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, mkono wa upande huo ulikataa kupita bega. Msusi asiyeinua mkono atasuka nini? Daktari alimwambia wazi kwamba asipofanya mazoezi, utaganda hivyo hivyo.

Kliniki ilikuwa na darasa la mazoezi kwa waliomaliza matibabu. Lilifanyika uwanjani, mchana kweupe, wote wamevaa fulana. Alikwenda mara moja tu.

"Sirudi," aliniambia. "Wapita njia wananikodolea kifua."

Nikampa vidonge vyake, kana kwamba vya hospitali havikumtosha. 

Kisha muuguzi wa lile darasa akaja saluni. Nilidhani kaja kugomba. Alikaa, akauliza, "Dada, tulikosea wapi?"

Wifi akamtazama kwanza. "Lileteni hapa. Jumatatu sina wateja. Tushushe pazia, tuwe wanawake peke yetu. Na viti viwepo, maana wengine magoti hayawabebi."

"Kumbe ni hilo tu?" muuguzi akasema. "Tungekuuliza mapema."

Jumatatu wakaja. Mmoja alikuwa mama mtu mzima, mrefu, anatembelea mkongojo. Muuguzi akatufundisha kupandisha vidole ukutani polepole. Vya wifi vikaishia begani.

"Mwisho wa safari," akasema, macho yamemjaa machozi. Nilitamani nimwazime mkono wangu.

Yule mama hakwenda kukaa. Alisimama na mkongojo wake, akavua kilemba. Nywele zilikuwa zimeanza kuota upya, fupi mno.

"Mwanangu, hizi zitasukika lini? Tangu dawa zinipukutishe, hakuna aliyekigusa kichwa hiki."

Wifi akamsogelea. Akaweka mikono yote miwili kwenye kichwa kile kilichompita kimo, akapapasa utosini, akazibana nywele kwa ncha za vidole, akazivuta kidogo.

"Bado, mama. Lakini zinashikika. Na ni laini! Mimi ningeringa nazo."

Yule mama akacheka huku analia. Wifi akaendelea kupapasa na kupiga soga. Muuguzi alinitazama, nami nikamtazama. Hakuna aliyethubutu kumwambia mkono wake ulipofika. Tuliogopa angeushusha.