Nilifundisha mifupa ya Yusufu, mama mmoja akatoka nje

Wakuu, heshima kwenu wote.

Naandika kutoka Bujumbura. Hili sikusimuliwa na mtu, lilitokea nyumbani kwangu na mke wangu ni shahidi. Asiyependa mada za dini apite kimya kimya, hatutagombana.

Kila Jumapili baada ya ibada nafundisha kikundi kidogo sebuleni kwangu, mtaa wa Mutanga Sud. Ni watu wanaoanza kusoma Biblia. Tunatumia Kiswahili kwa sababu wengine ni Wakongo, wengine walikuwa wakimbizi Tanzania wakarudi, na Kirundi chao kinachechemea.

Sasa, ugonjwa wa wanaoanza ni mmoja. Mtu anaijua Biblia kwa mistari ya kubandika ukutani. Mstari wa safari, mstari wa mtihani, mstari wa kumkomesha jirani. Muulize kati ya Ibrahimu na Daudi nani alitangulia, anaangalia dari.

Ndiyo maana huwa nawaambia hii ni hadithi moja. Mungu anaumba, mtu anaharibu, Mungu anatoa ahadi, na ahadi hiyo inatembea kitabu hadi kitabu mpaka kwa Kristo, mpaka siku vyote vitakapofanywa upya. Ukishauona mkondo huo, mistari yenyewe inakaa mahali pake.

Na mfano nilioupenda kuliko yote ni mifupa ya Yusufu.

Kwa msiojua, Yusufu alifia Misri akiwa mkubwa serikalini. Kabla ya kufa aliwaapisha ndugu zake kwamba siku Mungu akiwatoa huko, wasimwache. Kitabu cha Mwanzo kinaisha na maiti ndani ya sanduku. Ukifika Kutoka, watu wanakimbia Misri na Musa kaibeba ile mifupa. Mwisho wa Yoshua inazikwa kwenye nchi ya ahadi. Vizazi na vizazi, na kiapo hakijasahaulika!

Aisee, niliufundisha kwa mbwembwe. Hadi sanduku nililichora ubaoni.

Alikuwepo mama mmoja, nimwite Mama Estella. Kazaliwa na kukulia kambi ya wakimbizi kule Kigoma, Tanzania. Ndiye aliyekuwa anauliza maswali kuliko wote, na alikuwa anajiandaa kubatizwa. Siku hiyo alifunga Biblia yake, akachukua kitenge, akatoka.

Nikadhani ni tumbo. Nikaendelea na somo.

Mke wangu ndiye aliyemkuta nyuma ya nyumba, karibu na tanki la maji, analia. Akaja kuniita kwa hasira.

"We, umemuambia nini ule mama? Kuya umuone."

Nikaenda. "Mama Estella, iko nini? Mi nimekukosea?"

"Hujanikosea, mwalimu. Baba yangu alinishika mkono akaniapisha hivyo hivyo. Tukirudi Burundi, nisimwache kule."

Baba yake alifia kambini. Kambi ilipofungwa, watu walipakiwa kwenye mabasi na magodoro yao na masufuria. Nani angemruhusu afukue kaburi? Alipanda basi, baba akabaki.

"Sasa mwalimu," akasema, "kama watu wa Mungu ni wale wasiosahau kiapo, mimi naingiaje kwenye maji ya ubatizo?"

Nikamwambia lililonijia. Kwamba Musa mwenyewe, aliyeibeba mifupa ya mwenzake, hakuvuka kuingia nchi ya ahadi. Alifia ng'ambo na hakuna ajuaye kaburi lake. Hakuna aliyembeba, lakini Mungu hakumpoteza.

Akasema, "Musa alizikwa na Mungu. Baba tulimzika sisi, mvua inanyesha, tukamviringisha kwenye turubai."

Niliumia sana.

Basi akaamua kwenda kuifuata mifupa ya baba yake. Kikundi tukamwombea, akavuka mpaka kuelekea Kigoma. Kusema kweli sote tulijua hatarudi na kitu, ila nani wa kumwambia?

Aliporudi aliketi kwenye kiti chake kama kawaida. Nikamuuliza taratibu kama alipaona.

"Nimepaona. Pamelimwa mahindi," akasema. "Yamestawi."

Akafungua Biblia, akaniambia niendelee nilipoishia. Nikaendelea.

Nilichojifunza ni hiki. Kuwafundisha wanaoanza hadithi nzima ya Biblia ni jambo jema na sitaacha. Ila tulio walimu tuna haraka ya kuwafikisha kwenye mwisho mtamu. Sehemu ya hadithi tunayoishi sisi bado ina makaburi, tena mengine hayaonekani. Ukikimbia, unamkanyaga aliyekaa mbele yako.

Mama Estella bado anakuja kila Jumapili. Hajabatizwa. Nimemwambia Mungu anasamehe viapo vilivyotushinda, na hilo naliamini kwa moyo wote. Anakubali kabisa kwamba Mungu anasamehe.

Ila anasema kiapo hakumpa Mungu, alimpa baba yake, na baba yake hawezi tena kumwachilia.

Wachungaji mliomo humu, na ninyi mlioacha wapendwa wenu kwenye ardhi za watu, mngemjibu nini? Mimi Jumapili nitakuwa naye tena.