Nilimnyima mdogo wangu radhi, darasa la marketing likapungua mtu mmoja

Salaam wakuu. Waliotangulia kuzaliwa, shikamooni.

Wiki iliyopita mwalimu wa chuo kimoja hapa pwani aliuliza humu afanye nini apate wanafunzi zaidi wa shahada ya marketing, maana kila mwaka darasa lake linazidi kuwa tupu. Mlimjibu vizuri. Mkamwambia atangaze, apunguze ada, awaonyeshe vijana ajira zilipo.

Mimi nina jibu jingine. Nimekaa nalo tangu miaka ya themanini. Nitaeleza kama yalivyokuwa, hata pale ninapojiaibisha.

Mimi ni kifungua mimba. Wazazi wetu walifariki wakifuatana, nikaacha shule darasa la sita. Nyuma yangu walikuwa wawili, Maryamu na Athman. Tulikaa chumba kimoja Barani, Malindi.

Nilikuwa nikichoma korosho na kuwauzia watalii kwenye njia ya hoteli.

Asiyewahi kuchoma korosho hajui. Lile ganda lina mafuta yanayoshika moto na kula ngozi. Vidole vyangu viliungua hadi vikawa laini kama sahani. Siku ya kuchukua kitambulisho, karani alinigandamiza kidole kwenye wino mara nne. Akasema, "Bibi, wewe huna alama?" Nikamwambia alama zangu zimebaki kwenye korosho.

Basi nilikuwa nikipanga korosho kwenye sinia na kuita bei. Athman, akiwa na miaka kumi na minne, akanikataza.

"Dada, usiite bei. Mpe mtu korosho moja aonje, kisha nyamaza."

"Ninyamaze? Nitauzaje nikinyamaza?"

"Atauliza mwenyewe."

Na kweli, waliuliza. Kisha akaenda kwa akina mama wanaosuka ukili, akawaomba vikapu vidogo vya kutia korosho za mtu mmoja. Alisema mtalii anataka kitu cha kupeleka kwao, kula ni baadaye. Tangu siku hiyo sikurudi nyumbani na korosho kwenye sinia.

Mimi nilidhani ni utundu wa mtoto tu.

Athman alifaulu kidato cha sita, akapata nafasi ya kusomea biashara chuo kikuu, huko bara. Mtaa mzima ulikuja kutupongeza. Kila nilipopata mtu wa kusafiri nilimpa vikapu vya korosho ampelekee.

Mwaka wa pili ukaisha, akaja likizo. Alinisalimia, akanibusu mkono, akakaa kwenye mkeka barazani. Nikaona ana jambo.

"Dada, mwaka ujao tunagawanyika. Wengine uhasibu, wengine fedha. Mimi nimechagua marketing."

"Ndiyo nini hiyo?"

Akanieleza kwa uzuri kabisa. Kujua mtu anataka nini kabla hajasema. Kukifanya kitu kimfikie, kimpendeze, akiamini.

Jirani yetu, Bi Rukia, alikuwa mlangoni kwake anasikiliza. Akapiga kofi, akacheka.

"Yaani Athman anasomea uchuuzi? Nauli yote ile! Si angebaki hapa Barani tukamfundisha bure!"

Wanawake waliokuwa kisimani, hatua chache tu kutoka kwetu, wakaangua kicheko. Jioni mtaa wote ulikuwa na habari.

Wakuu, kile kicheko kilinichoma kuliko ganda la korosho.

Nikamwita ndani. Nikamwambia, "Mimi nauza kila siku. Umewahi kuniona na shahada?"

Akatabasamu. "Unayo, dada. Hukupewa karatasi tu."

Badala ya kuyasikia maneno yale, nikamnyooshea mikono. "Itazame. Nimeungua ili wewe usiuze kitu maisha yako yote. Kasome uhasibu, ukae ofisini. Ukisoma hiyo nyingine, radhi yangu huna."

Kwa wasio wa huku nitaeleza. Kwetu, mkubwa aliyekulea ndiye anayeshika radhi ya wazazi waliokufa. Mtu haoi wala hasafiri bila kuiomba. Ukinyimwa, hata ukifanikiwa unakula kama mwizi. Ni neno la kuweka akiba kwa mambo mazito. Mimi nililitoa kwa sababu ya kicheko cha kisimani.

Athman hakubishana. Alitazama mikono yangu, akasema, "Haya, dada. Uhasibu." Kisha akatoka kunipasulia kuni.

Alisoma uhasibu, akamaliza bila kung'ara. Akapata kazi Mombasa, ofisini, kama nilivyotaka. Kila akija nyumbani alikuwa mkimya. Alikuwa akilala mchana, yeye ambaye hakujua kulala mchana. Nikimuuliza kazi ikoje, anajibu, "Alhamdulillahi, dada." Sikumsikia tena akinifundisha kuuza.

Kabla hajatimiza miaka mitatu kazini, malaria ilimpanda kichwani. Tulimzika hapa hapa Malindi.

Siku ya tatu ya matanga alikuja kijana mmoja wa Rabai, jina lake Karisa. Walisoma pamoja. Alikaa karibu nami, akasema, "Dada, zile korosho zako tulizila sisi."

Nikamuuliza vipi.

Akasema mwalimu wao wa marketing aliambiwa asipopata wanafunzi kumi na watano, darasa halifunguliwi mwaka ule. Hakuna aliyelitaka. Athman akachukua vikapu vyangu, akawa anapita bweni zima, chumba kwa chumba. Anampa kila mmoja korosho moja, kisha ananyamaza. Wakimwomba nyingine anawauliza, "Utamuuziaje hii mtu aliyekwisha shiba?" Wanabishana mpaka chakula kinapoa.

Akawapata kumi na wanne. Yeye mwenyewe wa kumi na tano.

"Tuliporudi kutoka likizo," Karisa akasema, "akatuambia amehamia uhasibu. Tukabaki kumi na wanne. Darasa halikufunguliwa, tukatawanywa. Tulimtukana sana, dada. Tulimwita msaliti. Alisema moyo wake umebadilika, basi."

Nikauliza, "Hakusema aliyembadilisha?"

"Hata siku moja." Akanitazama. "Kwani wewe unajua?"

Mbele ya Maryamu na waliokuja kutupa pole, nikasema, "Sijui."

Mdogo wangu alikubali kuitwa msaliti asinitaje. Nami hata alipokwisha kufa sikuweza kumtetea kwa neno moja.

Mwalimu uliyeuliza, jibu langu ni hili. Usiishie kwa vijana. Huenda wamekwisha kuvutwa zamani. Nenda kwa sisi tuliowalea, tunaouza maandazi na samaki, tunaodhani shule ni ya kumwokoa mtoto na kazi yetu. Kaa kwenye mkeka wetu. Tuulize tunauzaje, usikilize, kisha utuambie kwamba hicho ndicho unachofundisha. Ukiipata radhi yetu, mtoto atakuja mwenyewe.

Nanyi wakubwa wenzangu mlioachiwa wadogo, hebu semeni. Nani mwingine alishika radhi akaitumia vibaya? Niulizeni mnalotaka, hata kwa ukali, nitajibu.

Mjukuu ndiye aliyenifundisha kuandika humu. Ananiambia watu wa kila mahali husoma, hata waliopotezana miaka mingi.

Karisa wa Rabai, kama unasoma, uliniuliza nikasema sijui. Nilijua. Moyo wa Athman haukubadilika. Waambie wenzako kumi na watatu kwamba ni mimi.