Mbuzi za Mahari Nyuma ya Ukuta wa Matete

Nianze na triko yangu. Mama alinipeleka Beni mara ya kwanza nikiwa mudogo sana, kumuona dada yake aliyekuwa anauza ndizi kule. Kwetu Butembo baridi ya asubuhi inauma masikio, donc mutoto anavaa triko tangu kuzaliwa. Kufika Beni, jua! Nikavua triko, nikaivalisha mbwa ya mama mudogo, mbwa ikakimbia nayo mu mashamba, na mpaka leo. Mama hakunipiga. Alisema tu njia nzima tukirudi: "Huyu anataka mutu wa kumulinda muchana." Na mutu wa kulinda batoto muchana, siku zile, ni mwalimu. Njo vile niliingia masomo. Si juu ya akili, ni juu ya triko.

Ilikuwa kiisha vita ya waasi, ile ya zamani, mbele ya hizi zingine mulizoona ninyi. Nyumba ya masomo ilikuwa imeungua, tukasomea ndani ya kanisa ya Baprotestanti, tukikaa juu ya magogo. Nyuma kulikuwa chumba kidogo cha muchungaji, kimetengwa na ukuta wa matete. Ukitia jicho, unaona yote. Mumoja wetu aliona muchungaji anakula mayai mbele ya ibada, mais hiyo ni habari ingine.

Mwalimu wetu alitoka Kyavinyonge, kule ku ziwa. Mutu murefu, mwenye kucheka mbele ya kusema. Alitaka kuoa binti ya muzee mumoja wa njia ya Kirumba. Akamupelekea tilapia kubwa, zimekaushwa vizuri. Muzee akazikula zote, akapanguza mikono, akasema: "Mwana wangu, samaki yako ni tamu. Mais samaki haizae mu kiraro yangu. Leta mbuzi."

Kwetu sisi Banande mahari ni mbuzi, na zinafika zote pamoja, kwa miguu yazo. Mwalimu akaanza kununua moja moja. Vita ilikuwa imekwisha, mais basoda, ni kusema askari, balikuwa bangali kambini pale juu, na chakula yabo haikukuwa inafika. Mbuzi yoyote iliyolia mahali basoda banasikia, ile ilikwisha kufa. Zikiliwa, bibi hakuna. Tena kulikuwa muchuuzi wa Beni, mwenye kamio, gari ya mizigo, aliyekuwa anapita kusalimia muzee mara kwa mara, macho ku binti.

Donc mwalimu akaficha mbuzi mu chumba cha muchungaji. Sisi tulileta majani ya viazi, kila mutoto na fungu yake, na hesabu tulifanya ndani ya harufu ile. Muchungaji alijua? Alijua. Siku ya Mungu alikuwa anahubiri na sauti ya juu sana.

Siku moja asubuhi mbuzi ya mwisho ikafika. Zilikuwa zimetimia. Mwalimu akasema atazipeleka Posho, siku ile tunaita pia Jumamosi. Mbele siku ile ifike, tukiwa ku hesabu, mulango ukajaa watu: komanda na basoda babili.

"Mwalimu, tunasikia hapa munafuga."

"Tunafuga batoto tu, komanda."

Palepale, nyuma ya matete: "Meee!"

Komanda akainua kichwa. Mwalimu hakugeuka. Akapiga tablo, ubao wetu, na fimbo.

"Nani amejibu mbele niulize? Batoto! Somo ya leo ni banyama. Mbuzi inalia namna gani?"

"Meee!" sisi wote. Na zile za nyuma zikajibu, mais nani angejua?

"Kuku?"

"Kokorioko!"

"Ngombe?"

"Mbuuu!"

"Mbuzi tena, sikusikia muzuri!"

Komanda akakaa juu ya gogo ya mbele, bunduki ku magoti. "Na soda," akauliza yeye mwenyewe, "soda analia namna gani?"

Kibinti kimoja, kidogo kutushinda wote, ambacho nyumbani kwabo basoda balikuwa bamemaliza kiraro nzima ya mbuzi, kikasimama na heshima, mikono nyuma kama tulivyofundishwa.

"Analia: Leta mbuzi!"

Mwalimu akafunga macho. Komanda akacheka, akajipiga ku mapaja, na basoda babili, kuona mukubwa anacheka, bakacheka nabo. Akasimama, akapanguza machozi.

"Mwalimu, somo yako ni muzuri. Kesho asubuhi nitarudi kusikiliza. Nitakuja na sufuria."

Bakaenda. Mwalimu akabaki mulangoni mpaka bapinde kona ya kambi. Halafu akafungua mulango wa matete, na mbuzi zikapita katikati yetu, zikikanyaga miguu na mbao za kuandikia. Akachukua koti yake ku musumari.

"Mwalimu, Posho haijafika," mumoja akasema.

"Imefika. Wewe, kibinti, kuja mbele, ufundishe. Endeleeni na banyama, kwa nguvu! Basikie kule juu kama klasi iko."

"Nyama gani?" kibinti kikauliza.

"Zote!"

Bachuuzi ba samaki balituambia kiisha: muzee alipokea mbuzi zote, hata moja haikukosa, na bwana na bibi balishuka ku ziwa. Mwalimu mwingine hakutumwa, na masomo yangu iliishia pale. Mais ile siku hatukujua kitu. Tulilia nguruwe, tukalia bata, tukalia hata punda ambayo hakuna mutu alikuwa ameiona, na kwa dirisha tulimuona anashuka njia ya Kirumba nyuma ya mbuzi zake, koti ku bega, anapiga muluzi. Hakugeuka, na hakurudi.