Nukta Iliyofifia

Nilikuwa nagawa dawa katika zahanati ndogo kule Bangwe. Maelekezo ya dozi tulikuwa tunayachapa kwa printa ya leza, maana wagonjwa walilalamika kwamba mwandiko wetu hausomeki.

Asubuhi hiyo karatasi zilikuwa zinatoka zimepauka. Foleni ilikuwa ndefu, nikavumilia. Watu walipopungua nikafungua printa, nikatoa kasha la wino wa unga, nikalitikisa kushoto na kulia, nikalirudisha. Bado. Nikadhani karatasi zimeshika unyevu wa ziwa, nikafungua rimu mpya. Bado. Mwisho nikaingia kwenye mipangilio, nikakuta hali ya kubana wino imewashwa. Niliiwasha mwenyewe juzi yake. Nikaizima, nikarudia kuchapa karatasi mojawapo ya asubuhi.

Ikatoka nyeusi ti. Dawa ya mtoto, mililita 2.5, kutwa mara tatu.

Nikaokota kapuni nakala yake iliyopauka niliyoitupa asubuhi: mililita 25. Nukta haikuonekana kabisa. Na nyingine kama hiyo nilikuwa nimempa bibi mmoja wa Kidahwe, mjukuu wa miezi minane mgongoni.

Namba yake ya simu sikuwa nayo. Nilimwambia mganga, "Nimeua mtoto," nikatoka mbio na koti langu jeupe, nikapanda bodaboda. Kidahwe nikauliza nyumba kwa nyumba.

Nilimkuta uani, anachambua maharage.

"Shikamoo bibi. Mtoto umempa dawa?"

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Bibi, umempa?"

"Sijampa. Mkwe wangu kasoma ishirini na tano. Nikamwambia, kachupa kenyewe haka, si kataisha leo leo? Aliyeandika kakosea. Kesho ningerudi kuwauliza."

Nikakaa chini palepale kwenye vumbi, nikalia. Mtoto alikuwa amelala mkekani. Nikaweka kiganja kifuani kwake, nikakiacha hapo mpaka mama yake, yule mkwe wa bibi, akaanza kuniangalia vibaya. Nikamweleza ukweli wote, kwamba kosa ni langu. Aliichukua ile karatasi, akaichana vipandevipande.

Bibi ndiye aliyesema, "Kalamu unayo? Basi andika kwa mkono. Kwa maneno, siyo kwa namba."

Nikaandika: mililita mbili na nusu.